Anwani Moja kwa Buganguzi Nzima

Buganguzi, Muleba
10 Machi 2025

Mwesiga,

Usishangae kupata karatasi. Simu nimeizima na ule waya wako nimeuchomoa ukutani, kwa hiyo usijisumbue kupiga. Kwenye simu una dawa moja tu: ukikosa jibu, mtandao unasumbua. Muksini, dereva wa gari la mchomoko, atakukabidhi barua hii mkononi, na nimemwambia asiondoke Hamugembe mpaka akuone umeifungua.

Ijumaa nimefukuzwa kwenye chama cha kuzikana. Mimi, Celina, niliyeingia chamani nikiwa bado nimevaa nguo za msiba wa mume wangu. Sababu ni kampuni yako ya mtandao na hicho kitu ulichokifunga juu ya paa langu ukaniambia, "Dada, ni antena tu, haili kitu."

Wana-Buganguzi walioko Dar na Mwanza wana tovuti yao, ile wanayoweka picha za harusi na matangazo ya misiba. Anayeitunza ni Julius, kijana wa Ta Rutaihwa, mwenyekiti wetu. Mwezi uliopita mtu akaandika pale kwa jina la uongo kwamba Ta Rutaihwa anakodisha turubai na masufuria ya chama kwenye harusi za Muleba mjini, na kwamba kwake yeye ni kufa kufaana, kila jeneza ni sikukuu. Akamtukana na marehemu mama yake. Mzee wa watu alilia mbele ya wajukuu.

Julius akatazama mitambo yake, akaona ujumbe ulitoka kwenye anwani fulani ya mtandao, mafungu manne ya tarakimu yenye nukta katikati. Akaiandikia ofisi yenu kuuliza hiyo anwani ni ya nani. Na ofisi yenu ikajibu. Barua ina muhuri wa Rweya Mtandao na sahihi ya Hellen, yule binti wako wa mapokezi: anwani hiyo imesajiliwa kwa Bi. Celina Lwakatare, Buganguzi. Ta Rutaihwa aliisoma kwenye mkutano wa dharura, polepole, kama anasoma somo la Ijumaa Kuu.

Kweli, habari ya turubai niliwahi kuisema. Niliisema Januari, nimesimama, nikimtazama Ta Rutaihwa machoni, akanijibu, tukamaliza. Mtu aliyesema hadharani ana haja gani ya kwenda kujificha nyuma ya jina la bandia? Nilipowaambia hivyo wakasema ndiyo kabisa, maneno ni yaleyale, ni wewe. Wamenifanya mwoga, Mwesiga. Katika maisha yangu nimeitwa mkali, nimeitwa mdomo. Mwoga sijawahi.

Sasa sikiliza habari ya Mama. Unaijua hali yake ingawa huji kumwona. Miguu imevimba hadi magotini, na siku hizi hali kitu zaidi ya uji. Daktari amesema moyo umechoka. Mama akituacha kesho, nani atachimba kaburi? Aliyefukuzwa chamani haendewi msibani, yeye na nyumba yake yote. Hakuna atakayeleta kuni, hakuna atakayemenya ndizi, hakuna mwanaume atakayeshika jembe. Wewe umesomeshwa kwa kahawa ya mwanamke huyu.

Waandikie kwamba si mimi. Kama kampuni yako imeweza kusema ni mimi kwa muhuri, basi iseme si mimi kwa muhuri uleule.

Dada yako,
Celina


Hamugembe, Bukoba
13 Machi 2025

Dada yangu Celina,

Shikamoo. Barua nimeipata, Muksini alisimama mlangoni kama askari wa mahakama mpaka nikamaliza kuisoma. Pole sana, dada. Mpe Mama salamu zangu, mwambie nitakuja mara kazi zikipungua.

Nafikiri kuna kutoelewana kidogo, na ni jambo la kiufundi. Kila kitu kinachoingia mtandaoni kinahitaji anwani. Waliotunga mfumo wa zamani, tunaouita toleo la nne, walitenga anwani bilioni nne na ushee wakadhani zitatosha milele. Hazikutosha. Simu inataka yake, kamera ya dukani inataka yake, siku hizi hata luninga. Wenye nchi kubwa walijichotea mapema. Sisi wa Afrika tulipofika kwenye foleni tulikuta makombo, na makombo yenyewe yanakodishwa kwa bei ya kuua. Kampuni ndogo kama yetu inabidi ibane. Toleo jipya lipo, la sita, lenye anwani nyingi kiasi kwamba kila mgomba wa kibanja chetu ungepata ya kwake na zikabaki. Tunahamia huko hatua kwa hatua. Natarajia kufikia Juni mambo yatakuwa mazuri.

Kwa hiyo alichojibu Hellen ni kile mfumo ulichomwonyesha, na mfumo unaonyesha zaidi kifaa kilipo kuliko mtu. Hakuwa na nia mbaya. Nitawaandikia chama kufafanua. Kwa sasa usibishane nao, usiende kwa Ta Rutaihwa. Nyamaza tu. Hasira zikipoa watakurudisha wenyewe. Watu wa kijijini leo wamenuna, kesho mnakunywa lubisi pamoja.

Nimempa Muksini sukari, maziwa ya unga na vidonge vya Mama vya kupunguza maji mwilini. Tusianze habari za makaburi wakati mgonjwa yupo hai, dada.

Mdogo wako,
Mwesiga


Buganguzi
17 Machi 2025

Mwesiga,

Vidonge vimefika na Mama amevimeza. Hayo mengine ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukurasa mzima wa foleni na makombo, na hakuna mahali ulipoandika: Celina hakutukana mtu.

"Kutoelewana kidogo." Nikueleze hiyo kidogo inavyofanana. Jumapili baada ya misa nilichukua kikapu cha akamwani nikavuka kwenda kwa Adventina, ambaye watoto wake wamekulia jikoni kwangu. Nikamkuta na wanawake wengine. Nikasalimu, nikanyoosha kikapu. Hakuna aliyechukua hata punje. Wewe ni Mhaya, unajua. Hata mtu mnayegombania mpaka wa kibanja akikupa kahawa ya kutafuna unachukua, ukishindwa kuila unaitia mfukoni. Adventina alikitazama kikapu, akaingia ndani kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni. Nikarudi na akamwani yangu nyumbani.

Cherehani haijazunguka tangu siku ile. Wenye sare za shule walikuja kuzichukua kabla hazijashonwa, mikono huku, mwili huku. Kisimani nikifika wengine wanakumbuka ghafla kwamba wameacha mlango wazi.

Unaniambia ninyamaze. Nimekwenda kwa Ta Rutaihwa siku hiyohiyo niliyoisoma barua yako. Nikamwambia sikuandika. Hakufoka. Alisema, "Binti yangu, mimi mambo hayo siyajui. Lakini aliyesema ni wewe ni ofisi ya mdogo wako." Kikulacho ki nguoni mwako.

Na habari za makaburi hakuzianza Celina. Jana Mama aliniuliza mbona watu hawaji kumjulia hali. Nikamwambia ni mvua. Akageuza kichwa akatazama nje, jua linawaka. Akasema tu kwamba mwaka ule alipokufa baba, walikuja wanaume wengi hadi mikono ikabaki bila majembe ya kushika.

Andika hiyo barua uliyoahidi. Iwe fupi, iwe ya Kiswahili.

Celina


RWEYA MTANDAO
Bukoba
24 Machi 2025

Mwenyekiti,
Chama cha Kuzikana,
Buganguzi.

YAH: UFAFANUZI KUHUSU ANWANI YA MTANDAO

Somo la hapo juu lahusika.

Kufuatia majibu yetu ya awali, tunapenda kufafanua kuwa, kutokana na uhaba wa anwani unaoikabili sekta nzima, huenda anwani tajwa ilikuwa ikitumiwa na mtumiaji zaidi ya mmoja kwa wakati husika. Kampuni haiwezi kuthibitisha wala kukanusha utambulisho wa mtumiaji yeyote.

Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza na tunawahakikishia wateja wetu huduma bora katika kipindi hiki cha mpito.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwesiga Lwakatare
Meneja


Buganguzi
31 Machi 2025

Mwesiga,

Ungeacha tu.

Barua ya kwanza, iliyonitia kitanzi, haikuwa na huenda. Ilisema imesajiliwa kwa Celina, nukta. Ya kunitoa ndiyo imejaa huenda, tajwa na husika. Ta Rutaihwa aliisoma, akaigeuza kutazama kama nyuma kumeandikwa kitu, akauliza nani ameisaini. Mwesiga Lwakatare. Wakaangua kicheko, wanaume kwa wanawake. Mdogo mtu amemwandikia dada mtu cheti. Mpaka jana kulikuwa na wachache waliokuwa na wasiwasi na habari hii, wakinisalimia kwa macho wakiwa peke yao. Sasa hata hao wamepata uhakika, kwa sababu nyumba isiyo na hatia haihitaji ndugu kuipaka chokaa.

Umetumia akili nyingi kutosema kitu. Mimi nakujua tangu unakojoa kitandani. Mtu akiniletea maneno marefu hivi, najua kuna kitu amekikalia. Unakificha nini? Nani anakutisha? Au umefanya jambo lisilo halali na hicho kidude cha paani kwangu?

Mama anapumua amekaa. Akilala chali anazama. Nimemwekea mito ya pamba niliyoishona kwa vitambaa vya sare ambazo hazina mwenyewe.

Nijibu kama mtu anayezungumza na dada yake.

Celina


Hamugembe
5 Aprili 2025

Dada Celina,

Shikamoo. Haya, nitasema.

Unakumbuka S.L.P. ya parokia? Kijiji kizima tulipokea barua kwa sanduku lile moja, na tukiandika kwenda Mwanza au Dar, nyuma ya bahasha tuliandika namba hiyohiyo. Karani wa parokia alikuwa na daftari, anajua ipi ya nani. Mtu wa Dar akipata barua ya matusi yenye S.L.P. ya parokia, hawezi kusema ameandika Padri. Anachojua ni kwamba imetoka kwenye sanduku lile.

Antena yako ndiyo sanduku. Buganguzi nzima inatoka kwa anwani moja, kwa kuwa sina nyingine ya kuwapa. Nyumba zote, shule, zahanati, ghala la wanunuzi wa kahawa, hata nyumbani kwa Ta Rutaihwa mwenyewe. Wakati tunafungua mtambo, mfumo ulidai jina la mwenye paa, nikaandika lako. Hellen alikuta jina, akadhani ndiye mtumiaji. Aliyetukana anaweza kuwa mtu yeyote mwenye simu kijijini.

Utauliza, na daftari la karani? Kampuni ikiweka watu wengi kwenye anwani moja, inapaswa kuandika nani alitoka saa ngapi. Kumbukumbu hizo zilikuwa zinajaza mashine yetu. Nilizizima tangu mwaka juzi. Sina njia ya kujua nani aliandika, na sitakuwa nayo kamwe.

Na kuna jingine. Shule na ghala la kahawa nimewauzia kifurushi cha juu, cha anwani ya peke yao, ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Haipo, dada. Wako kwenye sanduku lilelile. Nilitegemea toleo la sita lingeniokoa kabla hawajagundua, lakini antena za zamani haziliwezi, ruta za watu haziliwezi, na tovuti nyingi, kama hiyo ya Julius, bado haziko huko. Ukihama peke yako unafika mahali hakuna mwenyeji. Ndiyo maana tunahama polepole.

Nikisimama Buganguzi nikasema haya, siku hiyohiyo wanavunja mkataba, na ofisi inafungwa. Kuna watu wanakula kwa kazi hii, Hellen akiwa mmoja. Kwa hiyo nakuandikia wewe tu. Tafadhali usimsomee mtu. Nipe mpaka Juni.

Mdogo wako,
Mwesiga


Buganguzi
9 Aprili 2025

Mwesiga,

Barua yako ninairudisha ndani ya bahasha hii. Zihesabu kurasa zako uone kama hazijatimia.

Ningeweza kuisoma Jumapili mbele ya kanisa na yakaisha. Nimeishika jana kutwa nzima. Ila nimefukuzwa kwa kuambiwa nasema maneno nyuma ya jina la mtu mwingine, na sitajitoa kwa kufanya hichohicho. Maneno ni yako. Mdomo unao. Uyalete.

Nimekuelewa vizuri, hata hiyo ya S.L.P. umeieleza vizuri. Kumbe unaweza. Ulikuwa unaweza tangu Machi. Wewe ulijua kwamba si mimi tangu siku ile Muksini amesimama mlangoni pako, ukakaa ukaniandikia habari za Juni. Umeuza kitu ambacho hakipo, na bei yake nailipa mimi kisimani.

Chama kinakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tarehe ishirini na sita, saa nne, kwenye ofisi ya kitongoji. Njoo usimame useme kama ulivyoniandikia. Wakivunja mkataba, wavunje. Mama hana toleo la sita. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Celina


Hamugembe
25 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuja kesho. Bahati mbaya wakaguzi wa shule wamepanga kutembelea mtambo wao wa kompyuta siku hiyohiyo, na nisipokuwepo italeta maswali. Mwezi ujao nakuja bila kukosa. Mwombe Ta Rutaihwa aniwekee nafasi kwenye ajenda, usimwambie ni ya nini.

Nimetuma vidonge vingine. Mwambie Mama nampenda.

Mwesiga


Buganguzi
28 Aprili 2025

Mwesiga,

Mama amefariki leo alfajiri, amekaa, ameegemea kifua changu.

Ningewasha simu, ila sitaki uniambie upo njiani huku umeketi. Muksini ana amri ya kurudi na wewe ndani ya gari.

Njoo na jembe. Na sururu kama unayo.

Celina


Hamugembe
12 Mei 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama. Mikono bado ina malengelenge, kalamu naishika kwa shida, hivyo utanisamehe mwandiko.

Naendelea kumshukuru Mungu kwamba pamoja na machungu yote, Mama alizikwa kwa heshima na mambo yaliisha vizuri. Kila nikikumbuka Ta Rutaihwa alivyovua koti akashuka shimoni, machozi yananitoka. Nashukuru pia kwamba nilipata ujasiri wa kuwaeleza ukweli. Nimetua mzigo.

Gharama yake imekuja kama nilivyosema. Ghala la kahawa wamevunja mkataba, shule wanasubiri bodi. Lakini ofisi haijafungwa. Nimekopa, nimeagiza antena mpya zinazoliweza toleo la sita, na Hellen ameshaanza kuandika upya usajili wote. Nimeamua nyumba ya kwanza Buganguzi kupata anwani yake yenyewe iwe ya kwako. Haitachangiwa na mtu. Mafundi watakuja mwezi ujao.

Ta Rutaihwa aliniandikisha chamani siku ileile, kwa kuwa nimezikiwa mama. Kwa hiyo sasa tuko pamoja.

Natumaini umenisamehe, dada. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mwesiga


Buganguzi
30 Juni 2025

Mwesiga,

Uliomba mstari mmoja. Utapata zaidi.

Mambo hayakuisha vizuri. Nitakukumbusha yalivyokwenda kwa sababu naona umeanza kujisimulia. Ulishuka kwenye gari la Muksini Jumatatu saa sita mchana, ukamtazama Mama, ukalia, na kulia kwako sikukulaumu. Nikakwambia, nenda kwa Ta Rutaihwa, nyumba ile pale, mwambie. Ukaniambia, "Acha kwanza nianze kuchimba, udongo umelowa, ni mlaini." Ukaingia kibanjani peke yako, kwenye mvua, na viatu vyako vya ofisini. Ulichimba mpaka giza. Wanaume wa Buganguzi walipita njiani wakakutazama, na kila mmoja aliyesimama ungeweza kumwita. Ulichimba mchana mzima ili usiseme sentensi moja.

Jumanne asubuhi ukagonga mwamba. Shimo lilikuwa halijakufika kiunoni, na sururu imevunjika mpini. Hapo ndipo ulipotoka ukaenda kwa Ta Rutaihwa, umejaa tope. Ule mwamba ndio uliokufungua mdomo. Si mimi, wala si Mama. Kama udongo ungekuwa mlaini hadi chini, ungemzika mama yako peke yako kimyakimya, ukapanda gari, na mimi ningekuwa mchafu mpaka leo. Usiite huo ujasiri mbele yangu.

Walikuja, ndiyo. Walichimba vizuri. Baada ya wewe kuondoka Ta Rutaihwa alirudi, akakaa, akachukua akamwani kwenye kikapu changu akatafuna. Akasema, "Chama kimekurudisha." Hakusema pole kwa kukufukuza. Adventina alileta mkungu wa ndizi akauweka mlangoni, akasema mvua mwaka huu ni nyingi. Na bado kila mmoja anamtazama mwenzake akijiuliza ni nani aliyeandika, kwa sababu umewaambia ni yeyote, na daftari hukuandika. Hiyo nayo umetuachia.

Wiki iliyopita mume wa Adventina amefariki. Nilikwenda. Nilikaa na wanawake walioniacha na kikapu mkononi, nikamenya ndizi nao. Nilikuwa na hasira, lakini nilimenya mpaka ndizi zikaisha. Ndivyo chama kilivyo. Hakikuulizi unavyojisikia.

Wanaume walipokusanyika kaburini majina yaliitwa. Wakaita Mwesiga Lwakatare. Wakaita tena. Ulipelekewa taarifa kwa simu na ukajibu, nimeonyeshwa ulivyojibu, kwamba mko katikati ya kuhamisha wateja na mtandao unasumbua.

Mafundi wako walifika na antena yao mpya. Nimewapa chai, nimewaambia waifunge kwenye paa la ofisi ya kitongoji. Juu ya kwangu hakipandi kitu.

Faini ya asiyefika kuzika unaijua, ni mbuzi na lubisi, na chama kinakuja kuvila nyumbani kwa mkosaji. Wanakuja Jumamosi kwa gari la Muksini, Ta Rutaihwa akiwa mbele. Waliniuliza unakaa wapi hapo Hamugembe. Nimewaelekeza mpaka mlangoni. Wataketi, watakula, kisha watakuuliza, kama ilivyo desturi, kwa nini mtu aliyezikiwa mama hakuja kuzika. Na mzee mmoja ameniahidi atakuuliza pia kwa nini Mama alilala ndani siku mbili wakati wewe ulikuwa unajua tangu Machi kwamba si mimi. Uwajibu wewe. Mimi nimechoka kukujibia.

Celina